Mshahara wa Mkurugenzi na Sabuni ya Kashojwa

Askari anayepangiwa kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hakosi kupita Kashojwa. Hapo, katika kijiji kimoja, atasikia Kiswahili cha Kivu, Kirundi, Kinyarwanda na Kinyankole. Atasimama dukani, atanunua kipande cha sabuni na kilo ya sukari, atalipa, kisha atarudi kwenye lindo lake. Ni mara chache atakapojiuliza ni sehemu gani ya fedha ile aliyoitoa mfukoni imekwenda Hazina ya Serikali. Na ni mara chache zaidi atakapojiuliza kama yule mkurugenzi wa kampuni kubwa, ambaye jina lake amelisoma gazetini, naye huchangia Hazina hiyo kwa kadiri ya uwezo wake.

Makala haya yanakusudia kuyaunganisha mambo hayo mawili, yaani sabuni ya Kashojwa na mshahara wa mkurugenzi. Huenda yakaonekana kuwa mambo yaliyo mbali mno, kama mbingu na ardhi. Lakini msomaji akivumilia hadi mwisho ataona kwamba yamo katika daftari moja, na kwamba mlinzi wa taifa anayo sababu ya kulifungua daftari hilo na kulisoma.

"Kodi si shauri langu"

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea kambini na katika vituo vya polisi. Askari wengi husema: "Kodi ni shauri la raia. Mimi mshahara wangu haukatwi." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya mwaka 1997 inasamehe kodi mapato ya kazi ya wanajeshi wa UPDF, askari polisi na askari magereza, isipokuwa wale walioajiriwa humo kwa kazi za kiraia. Mwalimu wa shule ya msingi hukatwa, muuguzi hukatwa, karani hukatwa, bali askari hakatwi.

Lakini ukweli huo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba askari hulipa kodi kila siku bila kuandikiwa hati. Tangu tarehe 1 Julai 1996 Uganda ina kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilianza kwa asilimia 17 na tangu mwaka 2005 ni asilimia 18. Mwenye duka wa Kashojwa akienda Mbarara kununua sabuni kwa shilingi 118,000 katika duka la jumla lililoandikishwa kwa kodi hiyo, shilingi 18,000 ndani yake ni kodi. Kiwanda kikubwa kinaponunua mali ghafi, sheria hukiruhusu kuitoa kodi kiliyolipa katika kodi kinayodaiwa. Mwenye duka mdogo, ambaye mauzo yake hayafikii kiwango cha kuandikishwa, hana haki hiyo. Basi huziingiza zile shilingi 18,000 katika bei, na mnunuzi ndiye anayezilipa, awe mkimbizi, mkulima wa Isingiro, au askari aliyevaa sare.

Kwa hiyo msamaha wa mshahara haumtoi askari katika jamii ya walipa kodi. Tena kuna sababu nyingine tatu za yeye kulifikiri jambo hili. Kwanza, mshahara wake wenyewe, buti zake, mafuta ya gari lake la doria na dawa za zahanati ya kambi hutoka katika Hazina hiyo hiyo. Mapato ya kodi ya Uganda ni kama shilingi 13 au 14 tu katika kila shilingi 100 za pato la taifa, na kila pengo linalobaki hujazwa kwa mkopo au huachwa wazi. Pili, askari wengi ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo cha jeshi, kilichoanzishwa mwaka 2005, au Exodus cha polisi. Mwanachama ni mwenye mali, na mwenye mali anao wajibu wa kujua wasimamizi wake wanalipwaje. Tatu, watu wanapochoka na kodi wanayoiona kuwa ya uonevu, ni askari anayeitwa kusimama kati. Wazee wanakumbuka kodi ya kichwa, iliyosimamishwa mwaka 2005, na jinsi watu walivyokimbilia vichakani asubuhi wakiwakwepa wakusanyaji waliofuatana na askari. Kazi ile haikumletea askari heshima yoyote mbele ya raia.

Swali la profesa

Sasa tuvuke bahari kidogo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, yuko profesa wa uhasibu aitwaye Steven Balsam, ambaye kwa miaka mingi amechunguza malipo ya wakuu wa makampuni. Mwaka 2012 aliandika ripoti kuhusu kodi na malipo hayo, ikatolewa na Taasisi ya Sera za Uchumi ya Washington. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: kampuni inapomlipa mkuu wake mamilioni ya dola, nani hasa anayebeba mzigo huo?

Ili kulielewa swali hilo, msomaji akumbuke kanuni moja ya uhasibu. Kampuni haitozwi kodi juu ya mauzo yake yote, bali juu ya faida, na faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama. Mshahara ni gharama. Kwa hiyo kila dola ya mshahara wa mkurugenzi hupunguza faida, na faida ikipungua, kodi ya kampuni hupungua pia. Wakati kodi ya makampuni ya Marekani ilipokuwa asilimia 35, kampuni iliyomlipa mkuu wake dola 100 iliokoa dola 35 za kodi. Ni kana kwamba Hazina ilichangia theluthi ya mshahara ule.

Mwaka 1993 Serikali ya Rais Clinton iliona kwamba malipo ya wakuu yamepita kiasi. Ikatungwa sheria kwamba kampuni yenye hisa zinazouzwa hadharani isihesabu kama gharama ya kodi zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka kwa kila mmoja wa wakuu wake wa juu. Wananchi wakafurahi. Lakini sheria hiyo iliachiwa mlango wa nyuma: malipo "yanayotegemea utendaji" hayakuhesabiwa katika kikomo hicho.

Mlango huo ukapitwa na msafara mzima. Makampuni yalianza kuwapa wakuu wao haki ya kununua hisa kwa bei ya zamani. Tuseme hisa leo ni dola 10. Mkuu anapewa haki ya kuinunua kwa dola 10 hizo hizo baada ya miaka kadhaa. Ikifika dola 100, yeye huinunua kwa 10 na kupata 90. Dola hizo 90 ziliitwa malipo ya utendaji, na kampuni ikazitoa katika hesabu zake za kodi kama gharama, hata kama hisa zilipanda kwa sababu soko lote lilipanda.

Profesa Balsam alipiga hesabu za miaka minne, kuanzia 2007 hadi 2010. Aliona kwamba makampuni yaliyatoa katika mapato ya kutozwa kodi malipo ya wakuu yanayofikia dola bilioni 121.5, na kwamba kama asilimia 55 yake yalikuwa malipo yaliyoitwa ya utendaji. Sheria iliyokusudiwa kuwa kizuizi ilikuwa imegeuka kuwa kibao cha kuelekeza njia ya kuzunguka kizuizi.

Mwaka 2017 Bunge la Marekani liliufunga mlango ule wa nyuma. Lakini katika sheria hiyo hiyo kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21. Wahasibu waliochunguza baadaye hawakuona kwamba malipo ya wakuu kwa jumla yalipungua kwa sababu ya mlango kufungwa. Makampuni yaliendelea kulipa, na gharama ya kodi ikaangukia wenye hisa. Funzo la kwanza la utafiti huu ndilo hilo: kikomo kinachowekwa kwenye kodi pekee hakimzuii mtu ambaye yeye na marafiki zake wa baraza la wakurugenzi ndio wanaopanga mshahara wake.

Hesabu ya nyumbani

Je, hali ni hiyo hiyo hapa Uganda? Hapa ndipo uhasibu unapotufundisha tusinakili kilio cha watu wengine bila kupima. Tuchukue mfano wa kampuni ya kubuni mjini Mbarara. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, una viwanda vya maziwa na vya vinywaji, na mfano wetu hauhusu hata kimoja cha hivyo. Tuseme kampuni hiyo inamlipa mkurugenzi wake shilingi milioni 60 kwa mwezi.

Kodi ya makampuni ya Uganda ni asilimia 30. Kwa kuandika mshahara ule kuwa gharama, kampuni inapunguza kodi yake kwa shilingi milioni 18. Mpaka hapa inaonekana kwamba Hazina imepoteza. Lakini tugeuze ukurasa tutazame upande wa pili. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, mwajiriwa hatozwi kitu kwa shilingi 235,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi 335,000 hutozwa asilimia 10. Hadi 410,000 hutozwa asilimia 20. Zaidi ya hapo asilimia 30. Na kila shilingi inayopita milioni 10 huongezewa asilimia 10 nyingine, ikawa 40. Mkurugenzi wetu basi atakatwa shilingi 22,902,000 kila mwezi. Hazina imepoteza milioni 18 kwa kampuni na kupata karibu milioni 23 kwa mkurugenzi. Imebaki na ziada ya shilingi 4,902,000.

Tena sheria yetu imepimwa vizuri zaidi ya watu wanavyodhani. Mwenye kampuni ya ukoo anaweza kusema: "Sitajilipa mshahara, nitachukua gawio la faida." Lakini faida ya shilingi 100 hutozwa kwanza asilimia 30, zikabaki 70, kisha gawio lake hukatwa asilimia 15, yaani shilingi 10.50, akabaki na shilingi 59.50. Jumla ya kodi ni shilingi 40.50 katika 100. Apite mlango wa mshahara au mlango wa gawio, shilingi yake ya juu hukutana na kodi ya karibu asilimia 40.

Kwa hiyo, ndugu askari, mshahara mkubwa ulioandikwa wazi na kukatwa kodi wazi si wizi wa Hazina. Mtu anaweza kuuona kuwa ni mkubwa kupita haki, na hilo ni jambo la kujadiliwa na wenye kampuni na taifa zima. Lakini kwa upande wa kodi, hatari iko mahali pengine. Iko katika malipo yanayofichwa.

Malipo yaliyobadilishwa jina

Turudi kwa mkurugenzi wetu wa kubuni. Tuseme yeye na mhasibu wake wanakubaliana kwamba hati ya mshahara ionyeshe milioni 30 tu. Milioni 30 nyingine zilipe ada za watoto wake walioko ng'ambo, safari za familia na ujenzi wa nyumba yake kijijini, kisha ziandikwe katika vitabu kuwa "gharama za uendeshaji". Kampuni bado inatoa milioni 60 katika faida yake, na kodi yake inapungua kwa milioni 18 kama mwanzo. Lakini mkurugenzi sasa hukatwa shilingi 10,902,000 badala ya 22,902,000. Hazina iliyokuwa na ziada ya karibu milioni 5 imeangukia hasara ya zaidi ya milioni 7. Tofauti ni shilingi milioni 12 kwa mwezi, milioni 144 kwa mwaka, kwa mtu mmoja tu. Na kilichobadilika ni maneno machache katika kitabu cha hesabu.

Sheria haikulala juu ya jambo hili. Nyumba, gari na manufaa mengine anayopewa mwajiriwa huhesabiwa kuwa mapato yake. Gari la kampuni analolitumia kwa mambo yake mwenyewe hukadiriwa kwa asilimia 20 ya thamani yake kwa mwaka. Nyumba hukadiriwa kwa kodi ya pango ya soko au kwa asilimia 15 ya mapato yake ya kazi, ikichukuliwa ile iliyo ndogo. Ugumu si kukosa sheria. Ugumu ni kukosa jicho la kuona kwamba gari lililoandikwa "la shambani" halijawahi kukanyaga shamba.

Njia nyingine ni malipo yanayovuka mpaka. Kampuni tanzu iliyoko Uganda huweza kulipa "ada ya uongozi" kwa kampuni mama iliyoko nje. Katika kila shilingi 100 za ada hiyo, kampuni huokoa shilingi 30 za kodi hapa nchini, na Hazina hukata shilingi 15 tu wakati fedha zinapotoka. Baadhi ya mikataba ya kodi na nchi za nje hupunguza hata hizo. Ada ikiwa ni ya kazi iliyofanyika kweli, si kosa. Ikiwa ni jina tu la kuhamishia faida, Hazina imepoteza shilingi 15 au zaidi katika kila 100, na askari wa mpakani anayekagua magunia ya wachuuzi hawezi kuuona mzigo huo, kwa sababu haupiti kwenye lori.

Uganda imewahi kupigana vita vya namna hii na kushinda. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliiuzia kampuni ya Tullow sehemu yake katika visima vya mafuta vya Ziwa Albert kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilidai kodi ya zaidi ya dola milioni 400 juu ya faida ya mauzo hayo. Kampuni ilikataa, na shauri likafika hadi kwa waamuzi wa London. Mwaka 2015 Uganda ilishinda.

Lakini ushindi huo ulizaa swali jingine. Mapema mwaka 2017 ilijulikana kwamba maofisa 42 wa Serikali waliohusika na shauri hilo walikuwa wamegawiwa shilingi bilioni 6 kama zawadi. Kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma ilichunguza, ikapendekeza fedha zirudishwe. Waliotetea walisema kwamba kazi ngumu imeokoa mabilioni na inastahili shukrani. Waliopinga walisema kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kazi fulani hapaswi kulipwa tena kwa kuifanya kazi hiyo hiyo, hasa kwa fedha ambazo hazikupitishwa kwa njia ya kawaida ya bajeti.

Msomaji ataona kwamba swali hilo ndilo lile lile la profesa wa Philadelphia. Malipo ya utendaji ni nini, nani anayeyapima, na nani anayeyalipia? Mwanajeshi anaweza kulitazama kwa macho yake mwenyewe. Yeye akiulinda mpaka usiku kucha, na mpaka ukabaki salama, hagawiwi sehemu ya thamani ya mpaka.

Daftari la Kashojwa

Sasa turudi nyumbani, Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipokimbia machafuko ya Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote barani Afrika. Leo yana watu wengi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza Nakivale, Kyangwali na Kampala walionyesha kwamba wakimbizi si wapokeaji wa msaada tu. Katika Kampala, mmoja kati ya watano aliendesha biashara iliyoajiri wengine, na asilimia 40 ya walioajiriwa nao walikuwa raia wa Uganda.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la sabuni, chumvi na sukari hapo Kashojwa. Akiuza shilingi 50,000 kwa siku kwa siku 300, mauzo yake ya mwaka ni milioni 15. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2020, mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni 10 hatozwi kodi hiyo ya biashara ndogo. Kati ya milioni 10 na 30, asiye na daftari hulipa shilingi 80,000 kwa mwaka. Mwenye daftari hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Kwa mama huyu ni shilingi 20,000 tu. Daftari la kawaida na kalamu vimempunguzia robo tatu ya kodi yake, bila hila wala wakili.

Hebu tulinganishe. Mkurugenzi wa mfano wetu alilitumia daftari kuficha. Mama wa Kashojwa analitumia daftari kuonyesha. Mkurugenzi ana mhasibu aliyesoma chuo kikuu. Mama huyu pengine hajui hata kwamba sheria hiyo ipo, na akijiwa na mtu anayejiita mkusanyaji wa ushuru, asiye na kitambulisho wala kitabu cha risiti, atatoa kile anachoambiwa. Hapo ndipo askari anapokuwa na nafasi ya kutenda haki au kuisaliti. Askari anayejua kwamba malipo halali ya Serikali huambatana na risiti anaweza kumlinda mama huyo kwa kuuliza swali moja tu: "Risiti iko wapi?"

Kuna jambo jingine linaloiunganisha Kashojwa na ofisi za wakurugenzi wa mbali. Sehemu kubwa ya chakula na fedha za msaada zinazofika Nakivale kupitia Shirika la Chakula Duniani ni kodi za wananchi wa nchi nyingine, na kwa miaka mingi Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote. Mwezi Aprili 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, nyingine zikaachwa zijitegemee. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID. Hatusemi kwamba mshahara wa mkurugenzi mmoja ndio uliopunguza kibaba cha unga cha Kashojwa. Kusema hivyo kungekuwa kuruka hatua za hesabu. Tunasema kwamba kibaba hicho hutoka katika Hazina za mataifa, na kwamba katika kila taifa Hazina inayovuja huanza kubana kwa yule asiye na sauti. Mgao ukipungua, askari wa doria huwa wa kwanza kuona matokeo yake: ugomvi wa mipaka ya mashamba, wizi wa mihogo usiku, vijana wasio na la kufanya.

Mfano wa jirani

Watu wengine hudhani kwamba viongozi hawawezi kujibana wenyewe. Historia ya jirani zetu inakataa. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika pia kwamba wakubwa wanaishi kwa anasa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, lakini hakuishia hapo. Alikubali kwamba katika lawama yao kulikuwa na ukweli, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likakataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, na kuwa na nyumba za kupangisha.

Hapa kwetu, mwaka 2016 Bunge lilipitisha kifungu cha kuyasamehe kodi marupurupu ya wabunge, na Rais akakataa kwanza kukitia saini, akakirudisha Bungeni. Mjadala ule uliwafunza wananchi jambo moja: msamaha wa kodi si zawadi ya cheo, ni lazima uwe na sababu inayoweza kutamkwa mbele ya watu. Sisi tunaosamehewa mishahara yetu kwa sababu ya hatari ya kazi tukumbuke hivyo. Sababu yetu inatamkika. Tuilinde kwa mwenendo wetu.

Askari afanye nini?

Haitoshi kumaliza makala kwa masikitiko. Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila askari.

La kwanza, adai risiti na aheshimu risiti. Askari akinunua, adai. Akiitwa katika ugomvi wa ushuru sokoni, aulize kwanza risiti na kitambulisho cha anayetoza, kabla hajamshika mkono anayetozwa. Nguvu ya dola isikodishwe kwa mtu asiye na hati.

La pili, ahudhurie mkutano mkuu wa chama chake cha akiba. Aulize kwa adabu na bila woga: meneja analipwa kiasi gani, marupurupu yake ni yapi, nani aliyeyapanga, na mkaguzi wa hesabu amesema nini? Mwanachama anayeuliza hajavunja nidhamu. Chama cha akiba si kikosi. Ni mali ya wote waliotoa akiba zao, na koplo ana kura moja kama kanali alivyo na kura moja.

La tatu, atakapostaafu na kufungua biashara, afungue na daftari siku hiyo hiyo. Kinga ya mshahara wa jeshi haimfuati dukani. Wastaafu wengi huwekeza kiinua mgongo katika bodaboda, ng'ombe au duka, na baada ya mwaka hawajui kama wamepata au wamepoteza, wala hawajui wanadaiwa nini. Yule mama wa Kashojwa, akiwa na kitabu chake cha kurasa 48, anaweza kuwa mwalimu wao.

Profesa alitumia miaka yake kusoma vitabu vya makampuni makubwa, akaona kwamba fedha nyingi hazikupotea gizani. Zilipita mchana, katika mistari iliyoandikwa kwa wino mweusi, kwa sababu wenye mali hawakuisoma. Wahenga wetu walilijua hilo bila chuo kikuu waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa nalo ni mali, na sisi tuliopewa kazi ya kulilinda kwa bunduki tumepewa pia macho ya kulisoma daftari lake.